Milingoti ya Bibi Miti

Tulimwita Bibi Miti, na mwanzoni jina hilo lilikuwa la heshima. Baadaye likawa la kejeli, na baadaye tena likawa jina tu, kama mtu anavyoendelea kuitwa Fundi hata baada ya kuuza cherehani. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sitaliandika. Nikiliandika nitajiona namwita tena mbele ya mkutano, na alishasimamishwa mbele ya watu vya kutosha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Iyula, tukiwa bado mkoa wa Mbeya. Yeye alikuwa mtumishi wa misitu katika kata yetu na kata ya jirani. Nyumba za watumishi zilikuwa chache, kwa hiyo tulipewa moja yenye milango miwili, wake ukitazama barabara, wangu ukitazama shule. Ukuta wa katikati ulikuwa wa matofali mabichi na haukufika kwenye bati. Akikohoa namsikia, na mimi nikimsomea mwanangu hadithi, upande wa pili anacheka. Watu wa nyumba ya namna hiyo hawafichani mengi, hata wakitaka.

Siku hizo mwanamke juu ya pikipiki ya serikali lilikuwa jambo la watoto kuacha kazi na kukimbilia barabarani. Alivaa suruali ya kaki na buti za mvua, na nyuma yake alifunga kreti la soda lililojaa miche, limefunikwa gunia lililoloweshwa. Wazee wa kanisa walimwita wamweleze habari ya suruali. Alikwenda, akawasikiliza mpaka mwisho, akawauliza ni nani kati yao aliye tayari kuipanda pikipiki ile akiwa na gauni. Shauri likaishia hapo. Jumapili alikuja na gauni lake la kitenge, akasimama kwenye kwaya, akaimba kama vile hakuna kilichotokea.

Kwa wakulima alikuwa mkali. Mtu akianza kueleza kwa nini miche yake imekauka, kwamba alisafiri, kwamba mbuzi walifungua zizi, Bibi Miti alikuwa akiondoka huku anasema, "Hayo mweleze mche. Mimi nitarudi Jumatano." Na Jumatano alirudi. Watoto wa shule waliigiza msemo huo mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuutumia kwa wasiofanya mazoezi ya hesabu.

Lakini ukali wake ulikuwa na matundu. Alifuga ng'ombe mmoja wa maziwa, na ng'ombe huyo alikuwa mwizi. Alikula miche ya kitalu cha kata mara nyingi kuliko ng'ombe wa mtu mwingine yeyote, na sijawahi kusikia akitozwa faini. Mume wake alikuwa huko Mkwajuni akichimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Alirudi mara chache kwa mwaka, viatu vimejaa udongo mwekundu, akiwa na ahadi mpya, na mkewe alimpikia kuku kila aliporudi. "Mwanaume huyu ukimwambia amweleze mche, atamweleza mpaka mche ukubali," nilimtania siku moja. Akacheka mpaka akakaa chini. Kwa mkulima aliyezembea hakuwa na msamaha, ila kwa mtu huyu alikuwa nao mwingi.

Sasa bonde.

Chini ya shule kulikuwa na bonde la majimaji, pana, lenye matete na zile nyasi ndefu ambazo kina mama walisukia mikeka. Korongo walishuka humo wakati wa kiangazi. Maji yake ndiyo yaliyolisha kisima cha shule, na yaliyobaki yaliteremka kwenda kwenye vitongoji vya chini. Pembezoni watu walilima magimbi na mboga. Neno "ardhi oevu" hatukuwa nalo, lililetwa baadaye na watu wa semina. Sisi tulisema bonde, na kila mtu alijua ni lipi.

Mradi wa kupanda miti ulikuja wakati ushirika wa kahawa umeanza kuyumba na wanunuzi binafsi wameanza kupita na magari yao, bei ya leo siyo ya kesho. Watu walihitaji kitu kingine cha kuuza. Wakubwa waliotoka juu walisema bonde la namna ile ni eneo lililokaa bure, linazalisha mbu, na kwamba mti unaokua upesi kuliko yote penye maji ni mlingoti, ule ambao wengine huuita mkaratusi. Bibi Miti alikuwa amesomea hivyo na kutumwa hivyo. Aliamini moja kwa moja. Akapita nyumba kwa nyumba akigawa miche, na sisi walimu tukawashusha wanafunzi bondeni kuchimba mashimo, wakiimba.

Ningependa kusema kulikuwa na mzee fulani aliyetuonya. Hakuwepo. Tulipanda sote kwa furaha. Milingoti ikapaa kama imetumwa. Baada ya miaka michache watu wakaanza kuuza fito, halafu nguzo. Malori ya kutoka Tunduma yakawa yanakuja mpaka uwanja wa shule, maana Tunduma ilikuwa inajengwa kila upande na haikuwa inashiba mbao. Nyumba za nyasi zikavikwa bati. Kijiji chetu kikashinda mashindano ya upandaji miti, Bibi Miti akapewa cheti pamoja na redio ndogo, wageni wakaja kulipiga picha bonde. Cheti alikiweka kwenye fremu ukutani, upande wake wa ukuta wetu. Niliusikia msumari ukiingia.

Mtu wa mwisho kukubali alikuwa Mama Sekela, mjane mwenye kipande cha magimbi kwenye ukingo wa bonde. Binti yake, Sekela, alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne, mtoto mwenye akili ya kukimbiza mwalimu. Mama yake hakukataa milingoti kwa sababu ya maji. Alikataa kwa sababu magimbi yanaliwa na mti hauliwi. Bibi Miti alimwendea mara nyingi. Siku moja nilikuwepo, nimepeleka matokeo ya mtihani.

"Magimbi yatampeleka Sekela sekondari?" Bibi Miti aliuliza.

"Yatampeleka akiwa ameshiba."

"Mama, nisikilize. Mtoto huyu akifika kidato cha tatu, miti hii itakuwa nguzo. Wewe hutaomba ndugu, hutauza kuku. Hii hapa ndiyo ada yake."

Kisha akavua saa, akapiga magoti kwenye tope, akaipanda miche yote kwa mikono yake mwenyewe, huku Mama Sekela amesimama na jembe hajui la kufanya nalo. Mwishoni wakacheka wote wawili. Sekela alishika kreti.

Maji hayakukatika siku moja. Yalipungua polepole, na kila mmoja wetu alikuwa na maelezo. Mvua zimekuwa chache. Watu wameongezeka. Mwaka mmoja kisima cha shule kilikauka mwezi wa kumi, mwaka uliofuata mwezi wa tisa. Wasichana wakaanza kuchota mbali na kufika darasani jua limeshapanda. Korongo waliacha kushuka, na sikumbuki ni mwaka gani, maana hakuna aliyekuwa akiwatazama.

Kisha tukaitwa kwenye semina mjini Mbeya, watumishi wa misitu, wa kilimo, na walimu waliosimamia vikundi vya mazingira shuleni. Sheria mpya ya mazingira ilikuwa imekuja, na sera zimebadilika. Mwezeshaji alikuwa kijana mpole, anayeeleweka. Alieleza kwamba bonde la majimaji si eneo la bure, kwamba ndilo linalotunza maji ya mvua na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Akaeleza miti isiyo rafiki wa maji. Halafu akawasha mashine ya picha, na ukutani likatokea bonde letu.

Nililitambua kwa paa la shule. Milingoti imejipanga kwa mistari, mizuri, kama gwaride. Ilikuwa moja ya zile picha za mashindano. "Hapa," alisema kijana, "ndipo mahali ninapowaonyesha watu kila ninapokwenda. Huu ndio mfano wa kutokuiga. Aliyefanya hivi aliua chanzo cha maji kwa mikono yake, na inawezekana alipewa zawadi." Ukumbi ukacheka.

Bibi Miti alikuwa ameketi kulia kwangu. Kijana hakujua, na hakuna aliyemwambia. Nilisubiri ainue mkono. Nilitamani ainue, na nilitamani asiinue. Alitazama picha ile mpaka ikabadilishwa, akaendelea kutazama ukuta. Wakati wa chai hakuinuka. Nilimletea kikombe, akakishika mpaka kikapoa. Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani, na tulipopita Vwawa akasema neno moja tu: "Walinituma." Sikujua kama ananieleza au anajiuliza. Usiku huo sikusikia kitu upande wa pili wa ukuta, lakini asubuhi nilipoingia kuomba kiberiti, fremu haikuwepo. Palibaki peupe.

Amri ilipokuja, ilikuja kama amri zote zinavyokuja. Milingoti yote iliyo ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji ing'olewe mara moja, hakuna fidia, na miti itakayokatwa ni mali ya kijiji. Watumishi wengine wa misitu waliivuta miguu. Walijua watu wao. Bibi Miti hakuivuta. Nimelifikiria sana jambo hili, na naona alikuwa mtu aliyemwaga mafuta kwenye kitambaa cheupe na sasa anasugua kwa nguvu, bila kuangalia kama anakichana. Alitaka ile picha ifutike.

Alishuka bondeni na mtendaji wa kijiji, mgambo, mapanga na msumeno wa mota. Wengi walikuwa wameshauza miti yao mara mbili au tatu, wakalalamika, wakatukana, wakaenda nyumbani kwenye bati zao. Mama Sekela alikuwa hajauza hata mti mmoja. Sekela alikuwa kidato cha pili. Miti yao ilikuwa ya unene wa mkono wa mtu mzima.

Nilikuwa juu kwenye uwanja wa shule pamoja na darasa langu, tukasikia yote.

"Hii si uliipanda wewe?" Mama Sekela aliuliza.

"Niliipanda."

"Uliniambia ndiyo ada."

"Mama, sheria imebadilika."

"Basi nipe hata fito niezeke jiko."

Mtendaji akaingilia, "Amri inasema ni mali ya kijiji, mama."

Bibi Miti angeweza kusema kitu. Mtendaji alikuwa mdogo kwake kwa umri na kwa kazi, na alimwogopa. Angesema mwacheni achukue, na ingekuwa hivyo. Aligeuka akamwambia mwenye msumeno awashe. Mama Sekela alikaa chini kwenye ukingo, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliye msibani, akatazama mpaka mti wa mwisho ukaanguka. Jioni Bibi Miti alirudi nyumbani akaoga muda mrefu sana. Nilisikia maji yakimwagika, yakimwagika. Nami sikwenda kugonga mlango wake.

Fito zile zilirundikwa nyuma ya ofisi ya kijiji zikaliwa na mchwa. Sekela hakurudi shule muhula uliofuata. Tulisikia yuko Tunduma, anaosha vyombo kwenye mgahawa wa madereva wa malori. Baada ya muda mama yake aliuza kiwanja akamfuata.

Na maji hayakurudi. Hilo ndilo lililomvunja Bibi Miti. Amri ilijua la kukata, haikujua la kufanya kesho yake. Bonde lilibaki wazi na visiki, na visiki vikachipua. Mahali palipo wazi hapakai wazi: watu wakachimba mitaro ya kukausha tope na kupanda mahindi mpaka katikati, kwa kuwa walikatazwa milingoti, hawakukatazwa mahindi. Mvua za kwanza ziliteremsha udongo mpaka kwenye kisima cha shule. Alileta miche ya mikuyu, mti unaotunza maji, ikang'olewa. Alizunguka akiuliza ni nani. Mzee mmoja, muungwana kwa kawaida, alimjibu, "Mweleze mche." Watu wakacheka. Nilikuwa katikati yao, nikaangalia chini.

Wakati ule angeweza kuomba uhamisho. Wengine wangeomba. Badala yake aliacha pikipiki nyumbani akaanza kutembea kwa miguu. Kwa misimu miwili ya mvua alikaa kwenye majiko ya watu, alishinda na kina mama wa vitongoji vya chini kwenye foleni za maji, alikwenda mpaka kwa wale waliomtukana. Hakuwa akifundisha. Aliuliza. Ukikatazwa bonde lote utakula nini? Ukiruhusiwa ukingo, utaridhika kuishia wapi? Mti wa namna gani huwezi kuung'oa hata ukiwa na hasira na mimi? Jioni alinieleza kupitia juu ya ukuta, kila mmoja akiwa kitandani kwake.

"Mwalimu, unajua wamesema nini leo? Wamesema hata ile miti wangeikata wenyewe kama wangepewa miaka mitatu wauze."

"Ungewaandikia wakubwa."

"Nimewaandikia. Wamenijibu nitekeleze."

Kutokana na mazungumzo hayo alitengeneza rasimu ya sheria ndogo ya bonde. Haikuwa na maneno makubwa. Mpaka uwekwe na wanakijiji wenyewe kwa kutembea, wa juu na wa chini pamoja, kiangazi na masika, siyo kwa kamba ya mita sitini peke yake. Mwenye mlingoti apewe muda wa kuvuna na kuuza, asiuache uchipue tena. Kabla mtu hajakata chochote, apewe kwanza miche ya kupanda shambani kwake mlimani, na iwe imeshika. Mboga na magimbi ukingoni ruhusa, mtaro wa kukausha marufuku. Na faini ibaki kijijini kwa kamati ya maji, isiende wilayani.

Ilibidi aipeleke kwenye kikao cha madiwani. Nilikwenda naye kwa sababu shule ilikuwa imetoa ushahidi wa kisima. Alikuwa hajamaliza kujitambulisha, diwani mmoja akasema, "Bibi Miti, si wewe uliyepanda? Si wewe uliyekata? Sasa umekuja kututungia sheria? Kesho utatuambia tupande tena!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata wale waliokuwa upande wetu. Alisimama pale na karatasi zake. Nilidhani atajibu, maana ulimi alikuwa nao. Alisubiri kicheko kiishe, akasoma kifungu cha kwanza, akasoma cha pili, mpaka mwisho, bila kuinua macho. Sauti ilikuwa ndogo, watu ikabidi wanyamaze ili wasikie. Waliikataa mwaka huo. Aliirudisha mwaka uliofuata, akiwa amevaa gauni lile lile la kitenge, wakacheka kidogo kuliko mwanzo, wakaipitisha wakiwa na haraka ya kwenda kula.

Hivyo ndivyo bonde letu lilivyopata sheria. Kata nyingine zikaja kuiangalia, zikaichukua. Mikuyu ikaachwa ikamea, kwa kuwa mpaka walioutembea wenyewe watu waliona aibu kuuvuka. Nyasi za mikeka zilirudi kwanza, kabla ya maji. Siku ya mgeni rasmi kuja kuzindua kamati ya maji, kulikuwa na ngoma na hotuba, na jina la Bibi Miti liliitwa apokee kanga. Hakuwepo. Alikuwa ameaga kwamba ana mgonjwa Ikinga, kule Ileje. Nilimpokelea mimi. Aliporudi nikamwuliza mgonjwa anaendeleaje. "Mgonjwa gani?" akasema, kisha akakumbuka, akaingia ndani. Kanga ile hakuwahi kuivaa. Mtu akimsifu kwa sheria ile alibadilisha mazungumzo haraka, kama mtu anayesifiwa kwa kumpeleka hospitali mtu aliyemgonga mwenyewe.

Habari za Mama Sekela hatukuzizungumza kabisa. Miaka yote ile, juu ya ukuta ule, tulimzungumzia kila mtu wa kijiji isipokuwa huyo. Siku moja nilianza, "Nimesikia Sekela..." akaniambia usiku mwema.

Alistaafu akahamia Tunduma kwa binti wa dada yake, mfanyabiashara wa kuvusha nguo kwenda Zambia. Tulipoteana kwa muda. Nilipostaafu na mimi, nikajenga kibanda changu, nikaenda Tunduma kununua mabati. Ndipo nikamkuta, amesimama kwenye foleni ya maji na madumu mawili ya njano, suruali ya kaki, nywele nyeupe zote. Tulikumbatiana katikati ya watu. Madumu akamwachia kijana wa mkokoteni, akasema, "Twende tukale. Kuna mahali."

Mahali penyewe palikuwa nyuma ya maegesho ya malori, mgahawa wa mabati ulio safi, meza zimefunikwa plastiki ya maua. Madereva walikuwa wakisalimiana kwa Kibemba na Kiswahili kwa pamoja. Alichagua meza ya pembeni kabisa, akakaa ameupa mgongo upande wa jiko. Mwenye mgahawa alipotoka na sahani nilishtuka. Mwili ulikuwa umejaa, lakini macho yalikuwa yale yale ya darasa la nne.

"Mwalimu!" Sekela akaweka sahani chini, akapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Kumbe uko hapa?"

"Niko hapa, Mwalimu. Nilianza kwa kuosha vyombo, sasa ni pangu."

Bibi Miti alikuwa akitazama ugali. Sekela akanikaribisha kunawa mikono jikoni, na maji yakimiminika akaniambia taratibu, "Huyo uliyekuja naye anakula hapa kila wiki tangu mwaka juzi. Anakula, analipa, anaondoka. Nilimjua siku ya kwanza. Nasubiri aseme."

"Na wewe hukusema?"

"Niseme nini, Mwalimu? Mimi sina la kusema."

Nilirudi mezani nikakaa. Sikuona njia ya kuzunguka. "Anakujua," nikamwambia. "Amekujua siku zote."

Tonge lilikuwa mkononi. Akalirudisha kwenye sahani. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu isipokuwa siku ile. Alijaribu kuinuka, nadhani aondoke, na Sekela alikuwa amekwisha kufika, amesimama kati yake na mlango, anafuta mikono kwa aproni.

"Mama yuko hapo nyuma," alisema. Hakuwa mkali. "Hajambo, ila masikio yamekwenda. Kama una neno, lianzie kwake."

Nyuma ya mgahawa kulikuwa na ua wa vyumba vya kupanga, wapangaji wanafua, wengine wanasuka nywele. Mama Sekela alikuwa kwenye mkeka kivulini mwa ukuta akichambua mchele. Alituangalia muda, akanitambua mimi kwanza, halafu mwenzangu. Hakuacha kuchambua.

"Bibi Miti," alisema.

Bibi Miti alipiga magoti. Akazungumza, akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya chini sana.

"Sema kwa nguvu," Mama Sekela akamwambia. "Sisikii."

Akarudia. Mama Sekela akatikisa kichwa, akagusa sikio.

Ndipo Bibi Miti alipoinua uso na kulisema kwa sauti kubwa, katikati ya ua ule wa watu wasiomjua. Alisema, "Nilikudanganya mama! Niliipanda nikakuambia ni ada, nikaikata kabla haijawa kitu! Nilinyamaza wakati ningeweza kukupa fito! Sekela aliacha shule kwa sababu yangu! Naomba unisamehe!" Waliokuwa wakifua waliacha kufua. Msichana aliyekuwa akisukwa aligeuka akazuiwa kichwa. Mimi nilitamani ardhi inifunike, na si mimi niliyekuwa nikisema.

"Hapo nimesikia," Mama Sekela alisema.

Alichambua tena kidogo, akatupa chuya. Kisha akasema, si kwa Bibi Miti tu, kwa ua mzima, kama viziwi wanavyosema:

"Kukata nilielewa. Hata mimi nilikuwa nachota maji mbali. Lakini jioni ile nilikaa nikaona moshi wa jiko lako pale juu, nikasema huyu atakuja. Hawezi kulala bila kuja. Nikabandika maji ya chai. Yakachemka yakaisha, nikaongeza mengine."

Hakusema amemsamehe, wala Bibi Miti hakuomba tena. Wapangaji walirudi kwenye kufua, polepole. Basi langu lilikuwa linaondoka na mabati yalikuwa bado hayajapakiwa, ikabidi niage. Nilipofika kwenye mlango wa mgahawa niligeuka. Bibi Miti alikuwa bado amepiga magoti kwenye saruji. Mama Sekela alikuwa amesogea upande mmoja wa mkeka, na nafasi aliyoiacha ilikuwa bado tupu.